Mwenye Nyumba na Mwenye Vyombo

Aghalabu mpangaji wa Ukunda au Msambweni akiulizwa habari za bima hujibu kwamba hilo ni jambo la mwenye nyumba. Nadhani jibu hili lina mzizi wake katika lugha. Kiswahili kina mwenye nyumba, kina na mpangaji, lakini hakina jina maalumu la mtu ambaye kitanda, jokofu, vitabu na cherehani vilivyomo ndani ni vyake. Hivyo tumezoea kuamini kwamba mwenye kuta ndiye mwenye hasara yote. Mikataba haisemi hivyo. Bima ya mwenye nyumba, kama anayo, hulinda jengo lake; vyombo vya mpangaji haivijui.

Hapa Kwale jambo hili si dogo. Makuti yaliyokaushwa na kaskazi hushika moto kwa cheche moja, na katika safu ya vyumba vinavyopakana haungui mzembe peke yake. Kule Vanga, mto Umba ukifurika, maji hayaulizi nani mwenye hatimiliki. Mfikirie basi mwalimu aliyehamishwa kutoka bara, au mwanafunzi wa chuo cha utabibu pale Msambweni, ambaye jamaa zake wako mbali.

Wako watakaosema kwamba sisi tuna mchango. Kweli tunao, nao hutuzikia wafu na kututolea wagonjwa hospitalini. Lakini sijapata kuona mchango uliomnunulia mtu upya meza, godoro na tarakilishi. Wengine huchelea riba. Hao wajue kwamba tangu mwaka 2011 takafuli, yaani bima ya kuchangiana kwa misingi ya Kiislamu, inauzwa humu nchini.

Bima ya nyumbani huuzwa kwa mafungu, na mpangaji aweza kuchukua fungu la vyombo tu, akaliacha la jengo. Hapo hapana budi awe mkweli. Kama paa ni la makuti, aandike makuti, hata kama ada itapanda, kwani fomu yenye uongo huvunja madai siku ya msiba. Tena asipunguze thamani ili alipe kidogo. Mwenye vyombo vya shilingi 200,000 aliyeviandikisha kwa 100,000, akipata hasara ya 50,000, huenda akalipwa 25,000 tu, kwa hoja kwamba nusu ya hatari aliibeba mwenyewe. Orodha, picha na stakabadhi za dukani ziwekwe nje ya nyumba hiyo. Stakabadhi iliyoungua haimsaidii mtu.

Kuna na mambo yasiyolipwa. Katika ghasia za Likoni za Agosti 1997, zilizoenea hadi upande huu wa Kwale, watu wa bara walichomewa nyumba na vibanda. Hati ya kawaida ya bima huweza kuondoa hasara ya ghasia za kisiasa, mpaka mteja aiombe na kuilipia mbali. Ni wangapi wajuao hayo? Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi, lakini hati hizi kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kinachomtoa jasho hata mwalimu wa Kiingereza. Kabla ya kutia sahihi, mpangaji amtake wakala amfasirie kwa Kiswahili ukurasa huo wa yasiyolipwa, neno kwa neno, na akishindwa, amtafute wakala mwingine.