Punda wa familia walale wapi? Kila mmoja ana hitaji lake

Katika kaya nyingi za mkoa wa Tabora, kuanzia Igunga na Nzega hadi Sikonge na Kaliua, punda ndiye anayeleta maji, kuni, na mahindi kutoka shambani. Siku punda akiumwa, maji hayasubiri. Dumu linarudi kichwani kwa mama, au kwa binti anayepaswa kuwahi shule. Kwa hiyo swali la punda alale wapi si la mchungaji peke yake. Ni la familia nzima.

Ugumu unaanza pale familia inapokuwa na punda zaidi ya mmoja. Tuchukue mfano wa kaya yenye punda watatu: mmoja anavuta mkokoteni kila siku, wa pili ni jike mwenye mimba kubwa, wa tatu ni mzee ambaye meno yamekwisha. Baba anasema wote wapelekwe kwa mdogo wake kijijini, kwenye malisho. Mama anauliza maji yataletwa na nani. Bibi anasema yule mzee amewatumikia miaka mingi, asitupwe porini. Wote watatu wana hoja.

Njia ya misafara ilitufundisha

Watu wa Tabora ni wa mwisho kuhitaji kuambiwa kwamba mahali huweza kumuua mnyama. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Biashara yote ile ilibebwa zaidi na watu, Wanyamwezi wakiwa mabingwa wa upagazi, kwa kuwa wanyama wa mizigo walikufa ovyo njiani.

Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo Machi 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na farasi wawili na punda kadhaa. Farasi wote wawili walikufa katika wiki za mwanzo, kabla hata ya kufika Ugogo. Punda nao walipungua mmoja baada ya mwingine. Hakuwa na upungufu wa fedha. Aliwapitisha wanyama mahali pasipowafaa.

Adui mkubwa wa wanyama katika ukanda huu alikuwa mbung'o, ambaye wengi tunamwita ndorobo, na hajaondoka. Anapenda misitu ya miombo, hasa upande wa Sikonge, Urambo na Kaliua. Akimuuma punda anaweza kumwachia vimelea vya nagana: punda anakonda huku anakula, damu inapungua, nguvu zinaisha. Upande wa Igunga na mbuga ya Wembere ni wazi zaidi, lakini kiangazi maji yanakuwa mbali. Kwa hiyo “kijijini kuna malisho” si jibu kamili. Uliza kwanza: kijiji kipi, na punda atapita msitu gani kwenda kunywa maji?

Anza na punda, zizi lifuate

Kabla ya kuchagua mahali, kaeni mwandike hitaji la kila mmoja.

Punda wa kazi anahitaji kuwa karibu na kazi yake. Akilala kilomita tano kutoka nyumbani, tayari ametembea tano kabla hajabeba kitu. Anahitaji maji safi asubuhi na jioni, kivuli mchana, siku ya kupumzika, na mtu wa kumkagua mgongo na kwato kila jioni. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 100 hadi 150. Madumu mawili ya lita 20 mgongoni, yaani kilo 40, yanamtosha.

Jike mwenye mimba hubeba kwa takriban miezi 12, na wengine huzidisha hapo. Miezi mitatu ya mwisho asipewe kazi nzito. Anahitaji chakula cha kutosha, mahali pakavu pa kuzalia, na mtu atakayesikia usiku fisi akikaribia. Mtoto akizaliwa, wakae pamoja hadi afike miezi sita hivi.

Punda mzee hawezi kusaga mabua makavu. Anahitaji nyasi laini na pumba zilizolowekwa. Akiachwa malishoni na wengine, atashinda ameinamisha kichwa kama anayekula, kumbe anatema. Huyu anahitaji kuonwa kila siku.

Ikiwa kuna dume ambaye hajahasiwa, awe nyuma ya uzio imara. Anaweza kumsumbua jike na hata kumjeruhi mtoto.

Wote wanahitaji paa. Manyoya ya punda hayazuii mvua vizuri, na Tabora mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Banda la nyasi lenye sakafu iliyoinuka linatosha.

Zizi la ng'ombe lina hatari zake

Familia nyingi huwaweka punda pamoja na ng'ombe kwa sababu zizi lipo na ulinzi upo. Inawezekana, lakini kuna mambo matatu ya kuangalia.

La kwanza ni pembe. Punda aliyebanwa kwenye kona hana pa kukimbilia, kwa hiyo watenganishwe usiku kwa fito.

La pili ni dawa. Si kila dawa ya ng'ombe inamfaa punda. Dawa za kuogeshea zenye amitrazi zinaweza kusimamisha utumbo wake, tumbo likafunga hadi akafa. Soma kibandiko, na umuulize ofisa mifugo kabla ya kumwogesha au kumchoma sindano.

La tatu ni mabaki ya chakula. Mahindi yenye ukungu ni hatari kubwa kwa punda kwa sababu sumu yake hushambulia ubongo. Usimpe kwa kusema ni mnyama tu.

Tenganisha chakula, usiwatenganishe punda

Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wakishaona mahitaji ni tofauti, wanawagawa: huyu kwa mjomba, huyu kwa shangazi, huyu abaki. Lakini punda huwa na rafiki. Utawaona wawili wakisimama pamoja, wakikunana shingo, wakiitana mmoja akitoka. Ukiwatenganisha ghafla, aliyebaki anaweza kuacha kula. Punda asipokula kwa siku chache, mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na kuharibu ini. Jike mwenye mimba na punda mzee ndio walio hatarini zaidi.

Kwa kaya ya mfano wetu, njia nzuri ni zizi moja nyumbani lenye vyumba viwili vya fito, wote wakionana. Punda wa kazi akitoka asubuhi na mkokoteni, huo ndio wakati wa kumpa mzee pumba zake bila kunyang'anywa, na jike nyongeza yake. Jioni wote wanarudi mahali pamoja. Mahitaji yametenganishwa kwa saa, wala hakuna aliyehamishwa.

Nafasi isipotosha, wahamishe wawili wawili, kila mmoja na rafiki yake. Kama jike na mzee ndio marafiki, waende pamoja kwa ndugu, ilimradi huko hakuna mbung'o wengi na kuna mtu atakayemlowekea mzee pumba. Punda wa kazi atakayebaki atafutiwe mwenzake, hata kama ni wa jirani, walale zizi moja.

Kabla ya kumkabidhi ndugu, elewaneni: atawafanyisha kazi au la? Nani atalipia dawa? Mtoto atakayezaliwa ni wa nani? Andikeni hata kwenye daftari la shule. Undugu mwingi umevunjika kwa jambo ambalo sentensi mbili zingelimaliza.

Watoto na wezi

Zizi likiwa nyumbani, watoto nao wapo. Kinyesi cha punda kinaweza kubeba vimelea vya pepopunda, ambavyo hudumu kwenye udongo kwa muda mrefu. Mtoto mwenye kidonda asiingie zizini pekupeku. Hakikisha chanjo zake zimekamilika, zile za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na angalia kadi ya kliniki kama kuna iliyorukwa. Wafundishe wasipite nyuma ya punda. Punda akiumwa na mbwa asiyejulikana, toa taarifa kwa ofisa mifugo siku hiyo hiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa humpata punda pia na kinaweza kumfikia binadamu.

Kuna pia wizi. Biashara ya ngozi za punda imepunguza punda wengi Afrika. Tanzania ilipiga marufuku uchinjaji wa punda mwaka 2022, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika waliunga mkono katazo la bara zima. Pamoja na hayo, punda aliyeachwa porini usiku bado ni mali isiyo na mlinzi. Zizi liwe mahali ambapo mtu aliyelala ndani anasikia mlango ukifunguliwa.

Kwa hiyo kabla baba hajamfunga punda kamba kumpeleka kijijini, kaeni wote, na mtoto anayewalisha awepo. Muulizeni: nani hula polepole? Nani ni rafiki wa nani? Nani hukohoa usiku? Mara nyingi yeye ndiye anayejua. Mkishapata majibu yake, mahali pa kila punda hapatakuwa pagumu kupaona, na dumu la maji halitarudi kichwani kwa binti yenu.