Ticha, Anza na Majina! Gemu Safi ya Kuchangamsha Darasa Homa Bay na Migori

Siku ya kwanza Gredi 10, darasa limenyamaza jii, watoi wanaangalia viatu. Ticha, usianze na "simama utuambie ndoto yako". Hiyo inaboo!

Huko Homa Bay na Migori, gemu iko tayari kwa majina. Waambie wapige laini kufuata saa ya kuzaliwa, bila kuongea, mikono tu. Omondi wa alfajiri mbele, kisha Onyango wa asubuhi, Ochieng wa jua kali, Odhiambo wa jioni, na Otieno wa usiku nyuma kabisa. Atieno anajua pa kwenda. Brian naye atumie jina la nyumbani. Okoth alizaliwa mvua ikinyesha, kwa hivyo atazunguka akitafuta nafasi, na hapo ndipo kicheko huanza.

Lakini Migori kuna Wakuria pia. Chacha na Boke wasiachwe kando wakitazama wenzao. Wachague saa wanayopenda, waingie laini.

Halafu chunga: usilazimishe mtu aeleze jina lake. Ochola mara nyingi ni mtoto aliyezaliwa baada ya kifo kwa familia, hata cha babake. Kumuuliza hivyo mbele ya darasa la wageni si gemu tena. Mwache achague saa kama Chacha.