Pikapu inapowasha taa ya injini: P0171 ina maana gani?

Katika gereji za Buyenzi, mtaa wa Bujumbura unaojulikana kwa Kiswahili chake, pikapu ya petroli iliyowasha taa ya injini huunganishwa kwanza na mashine ya kusoma hitilafu. Ikionyesha P0171, maana yake ni kwamba hewa inayoingia katika injini imezidi, au petroli imepungua. Kwa kawaida, gramu 1 ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa.

Msimbo huo hautaji kifaa kilichoharibika. Hata hivyo, wengi hukimbilia kununua sensa ya oksijeni, ambayo mara nyingi ni mleta habari tu.

Fundi makini hutazama kiasi cha petroli ambacho kompyuta inaongeza ili kufidia upungufu. Kikiwa kikubwa gari likiwa limesimama, kisha kikapungua mafuta yanapokanyagwa, huenda hewa inapenya kwenye mpira uliopasuka. Kikiongezeka gari lenye mzigo linapopanda kuelekea Bugarama, hushukiwa filta, pampu, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Uhaba wa mafuta wa miaka ya karibuni umezidisha tatizo. Madereva huendesha tangi likiwa karibu tupu, ilhali pampu iliyomo ndani yake hupozwa na petroli hiyo hiyo. Nayo petroli ya madumu inayovushwa kutoka Uvira huweza kubeba uchafu unaoziba filta. Kwa hiyo shinikizo la petroli hupimwa kabla ya kununua chochote, na bila kuchelewa, kwani joto linalozidi huweza kuunguza valvu.