Unataka mfumo wa mauzo na stoo? Soma hii kabla hujatoa hela



Inboksi imejaa swali moja: "Admin, mfumo gani mzuri na wa bei nafuu kwa duka dogo?" Nitakujibu, ila nianze na kilichonikuta mimi mwenyewe.

Nauza viatu vya watoto. Fremu yangu iko Maili Moja, Kibaha. Mdogo wangu anakaa na mzigo mwingine Kisarawe mjini. Wateja wengi tunawapata Instagram na kwenye status za WhatsApp. Siku moja jioni mama mmoja wa Mlandizi akaniandikia: "Dada, raba nyeupe namba 32 ipo?" Nikaangalia picha, nikajibu: "Ipo mpenzi." Akalipa palepale kwa lipa namba, maana kesho yake mtoto alikuwa na mahafali. Nampigia mdogo wangu amkabidhi boda, ananiambia: "Dada, ile niliiuza tangu asubuhi. Nilisahau kukwambia."

Nikarudisha hela, nikaomba radhi. Mama wa watu hakunitukana. Aliandika tu "sawa", na hajarudi mpaka leo.

Kwa hasira, wiki ileile nikanunua mfumo. Kijana alikuja na kompyuta, printa ya risiti na droo ya kuwekea hela. Duka likapendeza kweli. Tatizo ni kwamba mfumo wote ulikaa kwenye ile kompyuta ya Kibaha. Mdogo wangu Kisarawe alikuwa hauoni. Mwezi wa pili tukarudi kwenye daftari, na mfumo ukabaki unaonyesha viatu ambavyo watoto wa watu walishavivaa mpaka vikachakaa. Ada ya miezi sita ikaenda hivyo.

Kosa lilikuwa langu. Nilinunua muonekano, sikuuliza swali langu. Na kwa sisi tunaouza mtandaoni swali ni moja tu: sasa hivi nimebakiza nini, na kiko wapi? Mfumo ambao haukupi jibu hilo kabla hujaandika "ipo", hata kama ni wa bure, ni ghali.

Sasa twende hatua kwa hatua.

1. Anza kwa kuhesabu

Funga duka nusu siku, hesabu mzigo wote. Usiandike "raba, 40". Modeli moja yenye rangi 3 na namba 6 ni aina 18 tofauti, na mteja anataka moja tu kati ya hizo. Kila aina ipe kifupi chake, mfano RB-NYP-32, yaani raba nyeupe namba 32. Kiandike juu ya boksi. Kifupi hichohicho ndicho utakitumia kwenye mfumo wowote baadaye.

2. Wiki mbili za mazoezi, bila gharama

Fungua jedwali la Google Sheets, wote mnaouza mliingie kwa simu zenu. Weka safu saba: tarehe, kifupi, idadi, bei, mahali, njia ya malipo, nani kauza. Kila mauzo yaandikwe papo hapo, siyo usiku mkiwa mmechoka.

Kama wiki mbili zimewashinda kujaza safu saba, msinunue mfumo wowote kwa sasa. Programu haitawaandikia.

3. Maswali ya kumuuliza anayekuuzia mfumo

- Unafanya kazi kwenye simu niliyonayo, au lazima ninunue kompyuta?
- Mtandao ukikata, naweza kuendelea kuuza?
- Unatenganisha rangi na namba za bidhaa moja?
- Naweza kuona stoo ya Kibaha na ya Kisarawe kila moja peke yake?
- Kila muuzaji ana namba yake ya siri, na naona nani kafuta mauzo?
- Nikiacha kulipa, natoa vipi kumbukumbu zangu?
- Ada ya mwaka mzima ni kiasi gani, pamoja na mafunzo na matengenezo?

Hilo la mwisho lipigie hesabu kwa bidhaa yako. Tuseme ada ni 25,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 300,000. Kama faida yako kwa jozi moja ni 5,000, basi jozi 60 kila mwaka unauza kwa ajili ya mfumo tu. Je, unakuokolea zaidi ya hapo? Kama ndiyo, lipa bila kinyongo.

Kwa anayeanza na simu, Loyverse ni programu moja ya kuijaribu. Mauzo na stoo ya kawaida ni bure, na inauza hata bila intaneti. Ukitaka usimamizi wa wafanyakazi au stoo ya hali ya juu, hapo unalipia. Ila kumbuka: simu ikiwa nje ya mtandao, simu nyingine haioni ilichouza mpaka mtandao urudi. Kwa hiyo mdogo wako akienda kuuza upande wa Maneromango na mtandao ukagoma, mpigie kabla hujamuahidi mteja.

4. Usichanganye na mashine ya EFD

Risiti inayotoka kwenye programu ya simu ni ya kumbukumbu zako na mteja wako. Haichukui nafasi ya risiti ya EFD inayotambuliwa na TRA. Mauzo yako ya mwaka yakifikia shilingi milioni 11, unatakiwa kutoa risiti ya EFD. Milioni 11 inasikika kubwa, lakini igawe kwa siku 365: ni kama elfu 30 tu kwa siku. Wengi wetu tuko hapo au karibu na hapo bila kujua, kwa sababu hatuandiki.

5. Kuandika kunapunguza kodi

Hii wengi hawaijui. Kwa viwango vya mwaka wa fedha 2022/23, mfanyabiashara binafsi mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 asiye na kumbukumbu alilipa 250,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu alilipa 90,000, kujumlisha asilimia 3 ya mauzo yanayozidi milioni 7. Ukiuza milioni 9, hiyo ni 90,000 na 60,000, jumla 150,000. Laki moja imebaki mfukoni kwa sababu ya kuandika. Kabla ya makadirio, pitia ofisi ya TRA ya wilaya yako ukachukue viwango vya mwaka husika.

6. Sheria mbili za nyumbani

Ya kwanza: oda ikilipwa, itoe kwenye stoo dakika hiyohiyo, usisubiri boda afike. Asiyelipa mshikie kwa saa mbili tu, na mwambie mapema.

Ya pili: kila Jumapili chagua aina 10, hesabu boksi kwa mkono, linganisha na mfumo. Zikipishana, ulizaneni siku hiyohiyo, kwa upole. Mara nyingi ni kusahau. Ikiwa ni wizi nao utajulikana mapema, kabla haujala mtaji.

Sisi kwa sasa tuko kwenye simu mbili na jedwali moja. Droo ya hela nilimuuzia jirani mwenye duka la dawa. Juzi dada mmoja wa Kiluvya kaniuliza kandambili za njano namba 27. Nikaangalia, nikamjibu: "Ipo moja, iko Kisarawe, nakushikia mpaka saa kumi." Akalipa, ikamfikia.

Wazee walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari siku hizi linaweza kuwa simu, ila kuandika ni kulekule.

Wewe unatumia nini dukani kwako, na kimewahi kukuangusha wapi? Tuambie hapa chini, wenzako wajifunze.