Kitoka Nyumba, Nafaka na Eda: Maneno ya Haki ya Mke Aliyeachwa

Msomaji azijuaye harusi za pwani atakumbuka wingi wa ada zilizo na majina yao: kilemba cha baba, mkaja wa mama, ubeleko, kifungua mlango, kipa mkono, na nyingine ambazo kila mji una zake. Zote hizi ni ada za kuingia. Lakini mwanamke akiutoka mlango ule ule kwa talaka, ada iliyopewa jina la namna hiyo ni moja tu tuijuayo, nayo ni kitoka nyumba. Wengine huiita kiliwazo, yaani kitu cha kumtuliza moyo.

Jina lenyewe limeundwa kama kifungua kinywa na kiosha miguu: ki- mbele ya kitenzi, na nyuma yake jina la kitu kitendwacho au mahali. Basi maana yake ni kile mke apewacho atokapo nyumbani kwa mumewe. Katika vitabu vya sheria ya Kiislamu huitwa mut'a, na tunaomba lisichanganywe na ndoa ya mut'a, ambayo ni habari nyingine kabisa na ambayo Wasuni hawaikubali. Asili ya zawadi hii ni Kurani, katika Sura ya pili, aya ya 241. Kwa wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo zaidi pwani yetu, si hisani tu: ni wajibu wa mume amwachapo mkewe aliyeingia kwake, ikiwa sababu ya kuachana haikutoka kwa mke. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika katika Minhaj kwamba yapendeza isipungue dirhamu 30, na wakishindana, kadhi ndiye akadiriaye kwa kuitazama hali yao. Dirhamu 30 ni kama gramu 90 za fedha. Si mali ya kumweka mtu mwaka mzima, wala haikukusudiwa kuwa hivyo.

Hapa ndipo twaona matata yanapoanza, nayo kwa sehemu ni matata ya lugha. Kiarabu kina neno nafaqa, yaani gharama atoazo mtu kwa ajili ya wale walio juu yake: chakula, mavazi, na katika vitabu vya sheria mara nyingi makao pia. Neno hilo lilivuka bahari likawa nafaka, na katika vinywa vya Waswahili likapungua hata kubaki mpunga, mahindi, mtama na uwele. Mtu wa bara akisikia kwamba mtalaka wake ana haki ya nafaka, humpelekea gunia, na dhamiri yake yatulia. Hatusemi kwamba neno limekosea. Maneno yote huhama. Lakini haki haikuhama pamoja nalo. Kwa maana ile ya kwanza Waswahili wana masurufu, ambalo hutumiwa hata kwa gharama za safari, na siku hizi mahakamani husikika zaidi matunzo, neno la Kibantu litokalo katika kutunza, ambalo kwa maoni yetu ndilo lililo wazi kuliko yote.

Nafaka hiyo ina mpaka wake, na mpaka huo ni eda. Neno hili na idadi ni ndugu, maana yote mawili yatoka katika shina la Kiarabu lenye maana ya kuhesabu. Mwanamke aliyeachwa huhesabu tuhuri tatu. Asiyepata hedhi huhesabu miezi mitatu. Mwenye mimba hungoja mpaka ajifungue. Katika siku hizo, ikiwa talaka ni rejea, yaani mume angali aweza kumrudia, mke ana haki ya chakula, mavazi na nyumba kana kwamba hakuachwa. Ikiwa talaka ni ya tatu, Shafii humpa nyumba tu, isipokuwa awe na mimba, ndipo apate na masurufu. Hata mama aliyeachwa amnyonyeshapo mtoto, baba wa mtoto yampasa kumlipa ujira. Na mahari yoyote iliyobaki bila kulipwa ni deni, haigeuki kuwa zawadi kwa sababu ya talaka. 

Basi haya ni mambo mbalimbali: masurufu ya eda, kitoka nyumba, mahari iliyobaki, ujira wa kunyonyesha, na tena matunzo ya watoto, ambayo ni haki ya watoto wenyewe. Lakini mara nyingi twasikia yakivingirishwa katika fungu moja. Mume hutoa kiasi cha fedha mbele ya wazee, wazee huitikia, na mke huambiwa kwamba ameshapewa chake. Chake kipi? Hilo haliulizwi.

Katika Tanzania Bara swali hilo lina uzito kuliko zamani, kwa sababu tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa zote, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kiserikali au za kimila, ziko chini ya sheria moja. Kwa sheria hiyo mahakama yaweza kumwamuru mume kumtunza mkewe shauri lingali likiendelea, na pia baada ya talaka. Yaweza hata kumwamuru mke kumtunza mume asiyejiweza kwa ugonjwa au kilema. Katika kukadiria, hakimu hutazama kwanza uwezo na mahitaji ya pande mbili, kisha ni nani aliyeivunja ndoa na kwa kiasi gani, na desturi za jamaa zao. Mtalaka akiolewa tena, matunzo yake hukoma.

Mbali na matunzo kuna mgawo wa mali iliyochumwa na wawili. Juu ya hilo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa hukumu mashuhuri mwaka 1983, iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mke katika shauri hilo alikuwa mwanamke wa nyumbani, na baada ya talaka alikwisha kupewa shilingi 2,000 za kumwaga kwa kufuata sheria ya Kiislamu, yaani kitoka nyumba chenyewe. Akadai sehemu ya nyumba. Mahakama ikasema kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika kuchuma mali. Walakini yeye mwenyewe hakupata kitu, maana ilionekana kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa maendeleo ya nyumba yao alikuwa amezitapanya. Ni ajabu kidogo kwamba wanawake wengi wamefaidiwa na hukumu ambayo haikumfaa aliyeileta. Nchini Kenya jambo hilo limeandikwa wazi katika Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yaruhusu matunzo kwa mume au mke.

Twarudi kwenye karatasi, kwa kuwa hapo ndipo neno hushika au huachilia. Mwandishi wa hati ya talaka akiandika kwamba mke amepokea haki zake zote, ameandika sentensi ambayo mke huyo huenda asiielewe, na ambayo mume ataionyesha baadaye. Heri aandike kila kitu kwa jina lake: kiasi hiki ni masurufu ya eda, kuanzia siku fulani mpaka siku fulani, kiasi hiki ni kitoka nyumba, kiasi hiki ni baki ya mahari. Na juu ya matunzo ya watoto na mgawo wa mali, ikiwa hayajazungumzwa, aandike kwamba hayajazungumzwa.