Majitaka ya Nairobi hayaishii Nairobi

Mto Athi una majina mengi, lakini maji ni yale yale. Kati ya Kitui na Makueni unaitwa Athi, nao ndio mpaka wa kaunti hizo mbili. Ukikutana na mto Tsavo unakuwa Galana, na huku kwetu Pwani ni Sabaki, unaoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Huko juu, kabla ya yote hayo, umeshapokea mto Nairobi.

Kwa hiyo jinsi Nairobi inavyosafisha na kupima majitaka yake si habari ya wakazi wa jiji pekee. Inamhusu mkulima wa Kanyangi na wa Kibwezi. Inatuhusu na sisi, maana visima vya Baricho vinavyoleta maji Malindi, Kilifi na Mombasa vimechimbwa kando ya mto huo huo.

Mtambo mkubwa kuliko yote Nairobi ni ule wa Dandora, ulioko Ruai. Ni msururu wa mabwawa. Majitaka hupita kwanza kwenye nondo zinazozuia takataka, kisha huingia mabwawa yenye kina kirefu yasiyo na oksijeni. Humo uchafu mzito huzama na bakteria huuozesha. Hufuata mabwawa yenye mwani, ambao kwa nguvu ya jua hutoa oksijeni inayowasaidia bakteria wengine kuendeleza kazi. Mwisho ni mabwawa ya kina kifupi, ambako jua huua vijidudu vya maradhi. Mfumo huu hautaki umeme mwingi wala dawa nyingi, ila unataka muda. Tope likijaa chini, nafasi hupungua, na maji hutoka kabla kazi haijakamilika. Tena bakteria hula kinyesi na mabaki ya chakula. Risasi na madini mengine mazito kutoka viwandani hawayali.

Je, tunajuaje kama maji yanayotoka ni salama? Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006 ziliweka viwango. Chembechembe zisizidi miligramu 30 kwa lita. Bakteria wa kinyesi, E. coli, wasionekane kabisa katika mililita 100. Na kile wataalamu wanachokiita BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu huitumia kuozesha uchafu, nacho kisizidi miligramu 30 kwa lita. Anayemwaga majitaka kwenye mazingira anatakiwa kuwa na leseni ya NEMA.

Hapo ndipo pana jambo ninalotaka tulitazame vizuri. Kipimo cha BOD huchukua siku tano: sampuli huhifadhiwa gizani kwenye nyuzijoto 20, kisha hupimwa oksijeni iliyobaki. Majibu yakitoka, maji yenyewe yameshakwenda zake. Pia kipimo hicho huchukuliwa kwenye mdomo wa bomba, ilhali uchafu mwingine hauingii mtamboni kamwe: mabomba yaliyopasuka, vyoo visivyounganishwa, viwanda vinavyomwaga usiku. Na miligramu kwa lita haisemi mto una maji kiasi gani. Wakati wa kiangazi mto unapopungua, majitaka yale yale huwa sehemu kubwa zaidi ya maji yanayofika Ukambani.

Wakati huo wa kiangazi ndipo watu wengi huchimba visima kwenye mchanga wa mto. Mchanga huchuja tope na kupunguza vijidudu, lakini chumvi na kemikali zilizoyeyuka hupita.

Sasa kuna bwawa la Thwake, kwenye makutano ya mto Thwake na Athi. Ujenzi wake ulianza mwaka 2018 kwa fedha za serikali na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ili kuwapa watu maji ya kunywa, ya kumwagilia mashamba na ya kuzalisha umeme. Maji yakitulia, tope na madini huzama chini, na mbolea iliyomo katika majitaka hulisha mwani na gugumaji. Bwawa halichukui nafasi ya mtambo wa kusafisha. Lina kawaida ya kutunza kile linacholetewa.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Naona haki hiyo haitimii mpaka mnywaji ajue anachokunywa. Vipo vifaa vinavyoonyesha papo hapo kiwango cha oksijeni na chumvi. Viwekwe mtoni juu ya Thwake, si kwenye bomba la Ruai tu. Vipimo vya maabara vichukuliwe kiangazi na masika. Na matokeo yasibaki kwenye mafaili ya Nairobi: yasomwe barazani, Kitui na Makueni, kwa Kikamba, na yaletwe Baricho kila mwezi. Anayetumia maji ya mto huu ana haki ya kuambiwa kabla hajateka.