Boila Inayoyeyusha Theluji: Namna Inavyoongozwa

Katika nchi za kaskazini ya dunia, theluji inayofunika njia ya kuingilia hospitali si pambo la majira. Wagonjwa huteleza na kuvunjika mifupa, na gari la wagonjwa hushindwa kupanda mlima mdogo ulio mbele ya mlango. Desturi ya tangu zamani ni kuiondoa theluji kwa sepetu na kunyunyiza chumvi. Lakini chumvi hiyo hula zege na vyuma. Kwa sababu hiyo wahandisi walibuni njia nyingine, nayo ni kulaza mabomba ndani ya zege na kupitisha humo maji ya moto. Mjini Klamath Falls, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, kipande cha barabara kilipashwa joto kwa namna hii tangu mwaka 1948, kwa kutumia joto litokalo ardhini. Mjini Holland, katika jimbo la Michigan, mpango wa kupasha njia za katikati ya mji kwa joto la ziada la kituo cha umeme ulianza mwaka 1988. Mahali pasipo na chemchemi ya moto wala kituo cha umeme, kazi hiyo hufanywa na boila ichomayo gesi.

Huenda msomaji akadhani kwamba yatosha kuwasha boila na kusukuma maji kwa pampu. Sivyo. Boila na zege vina mahitaji yanayopingana, na mitambo ya kuongoza ndiyo msuluhishi kati yao.

Kiasi cha joto kinachohitajika

Tuanze na hesabu. Tuseme theluji mpya yenye kina cha sentimeta 10 imeanguka juu ya eneo la meta moja ya mraba, na kwamba meta ya ujazo ya theluji hiyo ina uzito wa kilo 100. Basi tuna kilo 10 za theluji. Kuipandisha kutoka nyuzi 5 chini ya sifuri za Sentigredi hadi sifuri kunahitaji kilojuli 105 hivi. Lakini kuiyeyusha, bila kupandisha halijoto yake hata kidogo, kunahitaji kilojuli 334 kwa kila kilo, yaani 3,340. Hili ndilo joto fiche ambalo wanafunzi hulisoma darasani. Tukitaka kazi iishe kwa saa 5, tunahitaji wati 190 hivi kwa kila meta ya mraba, mbali na joto linalopotea hewani na ardhini. Uwanja wa meta 500 za mraba wahitaji karibu kilowati 100. Fueli hiyo ni nyingi. Kwa hiyo kosa dogo la kuongoza ni hasara kubwa.

Kutambua theluji

Kazi ya kwanza ni kujua wakati wa kuanza. Kipimajoto peke yake hakitoshi, kwa maana usiku waweza kuwa wa baridi kali bila theluji. Kwa hiyo kitambuzi hufukiwa katika zege, uso wake ukiwa sawa na uso wa njia. Kitambuzi hicho hupima halijoto. Tena kina vipande viwili vya metali visivyogusana, pamoja na kipasha joto kidogo. Chembe za theluji zikianguka juu yake huyeyuka, na maji yake hupitisha umeme kutoka kipande kimoja hadi kingine. Baridi na unyevu vikipatikana pamoja, amri ya kuwasha hutolewa. Moja likikosekana, boila hukaa kimya.

Kuzima nako kunahitaji busara. Mitambo ikizimwa mara theluji inapokwisha kuyeyuka, maji yaliyobaki huganda na kuwa barafu laini, nayo ni hatari kuliko theluji yenyewe. Kwa hiyo joto huendelea kutolewa mpaka uso wa njia ukauke.

Maji baridi ni adui wa boila

Sasa tufikie kiini cha jambo. Gesi ya methani ikiungua hutoa kaboni dioksaidi na maji:

CH4 + 2O2 → CO2 + 2H2O

Kutokana na mlinganyo huu, kilo 1 ya methani hutoa kilo 2.25 za maji. Boila ya kilowati 100 huchoma kilo 7 hivi kwa saa, na kwa hiyo hutoa takribani kilo 16 za maji, karibu ndoo nzima kila saa! Kwa kawaida maji hayo hutoka katika dohani yakiwa mvuke. Lakini kuta za chuma zikipoa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke huanza kugeuka kuwa matone juu yake. Matone hayo huchanganyika na gesi za moshi na kuwa asidi, nayo hula chuma siku baada ya siku. Boila iliyotarajiwa kudumu miaka mingi huweza kutoboka baada ya michache.

Tukumbuke kwamba maji yanayorudi kutoka katika zege lililoganda ni baridi mno. Hapo ndipo ugomvi ulipo: zege lataka joto lote upesi, na boila haitaki kurudishiwa baridi.

Suluhisho ni vali ya kuchanganya. Tuseme maji yanatoka katika boila yakiwa na nyuzi 80, yale ya zege yanarudi na nyuzi 5, nasi twataka yaingiayo katika boila yawe na nyuzi 60. Vali hugeuza asilimia 73 ya maji ya moto yarudi moja kwa moja katika boila, na kuruhusu asilimia 27 tu kwenda nje. Zege likipata joto na maji yakarudi na nyuzi 30, vali hufunguka zaidi, na asilimia 40 huenda nje. Kipimajoto kilichowekwa katika bomba la kurudi ndicho kinachotoa habari, na vali hutii.

Je, kwa kufanya hivyo twalinyima zege joto? Hatulinyimi. Asilimia 27 ya maji ikipoa kwa nyuzi 75 hutoa joto lilelile linalotolewa na asilimia 40 ikipoa kwa nyuzi 50. Boila hutoa nguvu zake zote katika hali zote mbili. Vali huzuia tu zege lisichukue joto kuliko linalotengenezwa.

Kulinda zege

Zege nalo lina haki yake. Likipashwa ghafula, sehemu iliyo karibu na mabomba hutanuka kuliko sehemu nyingine, na nyufa huweza kutokea. Kwa hiyo mzunguko wa zege huwa na pampu yake, ambayo huchanganya maji ya moto na yale baridi yanayorudi, ili halijoto ipande polepole. Tena maji hayo huchanganywa na glaikoli yasije yakaganda na kupasua mabomba mitambo inapopumzika.

Siku hizi ziko boila ambazo mahali pa kupitishia joto pametengenezwa kwa chuma cha pua. Hizo hazidhuriki upesi kwa asidi; bali hupenda maji baridi, kwa kuwa mvuke unapogeuka kuwa matone huziachia joto lake fiche. Kwa boila hizo, vali ya kuzilinda haihitajiki.

Jaribio

Mwalimu aweza kuonyesha kiini cha makala haya hata pale ambapo theluji haijapata kuonekana. Jaza sufuria kavu maji baridi sana, kisha iweke juu ya jiko la gesi. Muda mfupi baada ya kuwasha, upande wa nje wa sufuria hufunikwa na ukungu wa maji. Maji ya ndani yakipata joto, ukungu hutoweka. Maji hayo hayakuvuja kutoka katika sufuria. Yametoka katika moto wenyewe. Wanafunzi waulizwe: sufuria hiyo ingekuwa boila, na maji baridi yangeendelea kumiminwa ndani yake usiku kucha, chuma chake kingepatwa na nini?